Breki ya Diski Inayolia: Tafuta Kwanza Mafuta Yalikotoka

Breki ya diski iliyo katika hali nzuri haina maneno mengi. Ukiibana kwenye mteremko mkavu husikika mkwaruzo mdogo wa pedi zikisugua chuma, kisha baiskeli hupungua mwendo kwa kiasi kile kile ambacho kidole kimeomba. Breki iliyoingiwa na mafuta hupiga yowe la kusikika ng'ambo ya bonde, na papo hapo hukataa kushika. Ni dalili hizo mbili zikiwa pamoja, kelele na udhaifu, ambazo nataka kuzizungumzia hapa, kwa sababu nimewaona waendeshaji wengi wa baiskeli za milimani wakihangaika nazo kwa muda mrefu, wakinunua pedi baada ya pedi, na kila pedi mpya ikianza kulia kabla hata haijachakaa. Ushauri wanaopewa karibu wote unahusu namna ya kuisafisha pedi. Mimi nashikilia kwamba swali la kwanza ni jingine: mafuta hayo yametoka wapi? Pasipo jibu la swali hilo, msasa na spiriti ni kazi ya kurudiwa kila mwezi.

Si kila breki inayolia imeingiwa na mafuta, na anayeanza kusugua pedi kabla ya kuisikiliza kelele yenyewe anaweza kumaliza pedi nzima bure. Diski iliyolowa kwa mvua au umande hupiga kelele kali, kisha hunyamaza baada ya kubanwa mara chache, maji yanapokauka kwa joto. Hiyo haihitaji fundi. Mlio mwembamba unaokuja na kuondoka kwa kila mzunguko wa gurudumu, hali breki haijabanwa, unatokana na diski iliyopinda au kalipa, yaani kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski, isiyokaa katikati. Mkwaruzo wa chuma kwa chuma unaotia meno ganzi ni ishara kwamba sehemu ya msuguano imekwisha na bamba la nyuma la pedi ndilo linaloila diski. Hapo baiskeli isiendeshwe tena mpaka pedi zibadilishwe. Mngurumo mzito unaotikisa fremu nzima mara nyingi hutoka kwenye boliti zilizolegea, ziwe za kalipa au za diski, au kwenye habu, kitovu cha gurudumu, yenye mchezo katika beringi zake. Mimi huzikagua boliti zote kabla sijagusa kitu kingine, kwa kuwa kazi hiyo ni ya dakika chache na huondoa mashaka mengi. Baada ya hayo yote, ikiwa breki bado inalia katika ukavu na unalazimika kuivuta kwa vidole viwili pale ambapo kimoja kilitosha, basi ama kuna mafuta kwenye pedi, ama uso wake umeungua kwa joto ukawa mgumu na wenye kung'aa.

Mtu anaweza kujiuliza kwa nini mafuta, ambayo kwenye mnyororo huondoa kelele, yaje yalete kelele kwenye breki. Jibu ni kwamba kiasi kinachofika kwenye pedi ni kidogo mno kuweza kuitenganisha na diski. Hukaa mabaka mabaka na utando wake hukatika katika, hivyo pedi hushika, ikaachia, ikashika tena, mamia ya mara katika sekunde moja, na kila mshiko huisukuma diski, kalipa, spoku na fremu. Diski ya baiskeli ni bamba jembamba, kwa kawaida lenye unene wa milimita 1.8 likiwa jipya na kipenyo cha milimita 160, 180 au 203, na bamba la namna hiyo hutetemeka kwa urahisi. Mtetemo wa pedi ukilingana na ule ambao diski na fremu zimeumbwa kutetemeka kwao, sauti hukua badala ya kufa. Ndiyo sababu breki za aina moja, zikiwa na mafuta kiasi kile kile, hupiga yowe kwenye baiskeli moja na kunung'unika tu kwenye nyingine. Kelele ina umri wa breki ya diski yenyewe: Mwingereza Frederick Lanchester aliisajili breki yake ya diski kwa hataza mwaka 1902, na vibano vyake vya shaba vilivyosugua diski ya chuma vilisifika kwa kelele kuliko kwa kitu kingine.

Ili kuelewa kwa nini pedi iliyosafishwa vizuri huweza kurudia ugonjwa wake, ni lazima tuiangalie pedi yenyewe ilivyo. Pedi za resini ni mchanganyiko wa nyuzi, unga wa madini na wakati mwingine chembe za metali, vyote vikiwa vimeshikanishwa na gundi ya resini. Pedi za metali ni unga wa metali uliogandamizwa na kupashwa joto kali mpaka chembe zikashikana zenyewe. Aina zote mbili zina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na mafuta huzama humo kama yanavyozama kwenye tofali. Ukiufuta uso, umefuta kile kilicho juu tu.

Kisha huja joto. Chukua mwendeshaji ambaye pamoja na baiskeli yake ana uzito wa kilo 90, akishuka mteremko wenye kimo cha mita 300 kwa mwendo usiobadilika. Nishati anayopaswa kuipoteza njiani ni takriban kilojuli 265, kiasi kinachoweza kupasha karibu lita 0.8 za maji kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na matairi, lakini kwenye mteremko mkali, ambako breki hazipumziki, sehemu kubwa huishia kwenye diski mbili na pedi nne ndogo. Pedi ikipata joto la namna hiyo, mafuta yaliyojificha ndani hulainika, hutanuka na kupanda hadi kwenye uso. Hapo ndipo breki iliyoonekana kupona wakati wa kuzungukazunguka nje ya nyumba inapoanza kulia tena katikati ya mteremko, mahali pabaya kuliko pote pa kugundua jambo hilo. Kipimo chochote cha tiba ya pedi kisichohusisha joto hakiniridhishi.

Basi, yametoka wapi? Kwa breki ya nyuma mshukiwa wa kwanza ni mnyororo. Mnyororo uko kulia na diski iko kushoto, na watu hudhani umbali huo unatosha; lakini oili inayopulizwa kutoka kwenye kopo hupita katikati ya spoku kama ukungu na kutua upande wa pili. Oili ya matone, inayowekwa kiungo kimoja kimoja kisha mnyororo ukafutwa kwa kitambaa, haina hatari hiyo, nami sioni sababu ya mtu mwenye breki za diski kutumia ya kupuliza. Anayelazimika kuitumia na aifunike diski na kalipa kwa mfuko wa plastiki, au alitoe gurudumu kabisa na kupeleka baiskeli mbali na mahali gurudumu lilipolazwa.

Kwa breki ya mbele, itazame shokomzoba ya foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Kalipa ya mbele hukaa chini ya mguu wa kushoto wa foku, na sili ya juu ya mguu huo, mpira unaozuia oili isitoke, ikichoka, oili huteremka taratibu ikiufuata mguu hadi ikaifikia kalipa. Mstari wa vumbi lililoganda kwa unyevu, unaoanzia kwenye sili na kushuka, ndio ushahidi wake, na hapo pedi mpya hazitadumu mpaka sili ibadilishwe.

Dawa za kuoshea nazo zina lawama yake, hasa zile zinazoahidi mng'aro. Mng'aro huo aghalabu ni nta au silikoni, na silikoni kwenye diski ni adui mwenye ukaidi. Fremu ikitakiwa kung'aa, dawa iwekwe kwenye kitambaa na kitambaa kipelekwe kwenye fremu, wala isipulizwe. Vilevile kuna madimbwi ya barabarani yenye dizeli, na sakafu ya gari lililowahi kumwagikiwa na oili ya injini kisha likabeba baiskeli. Mafuta ya vidole hutajwa sana kuliko yanavyostahili. Alama ya kidole kimoja kwenye diski huungua na kwisha katika mibano michache, ingawa bado nashauri glavu safi, kwa kuwa vidole vya mtu anayefanya kazi kwenye baiskeli huwa na grisi ya mnyororo, ambayo ni jambo jingine kabisa.

Chanzo kinachoumiza zaidi ni kile kilichomo ndani ya breki yenyewe. Breki ya haidroliki husukuma pistoni kwa mafuta, na kila pistoni imezungukwa na sili ya mpira yenye kazi mbili: kuyazuia mafuta yasitoke, na kuirudisha pistoni nyuma kidogo pale mkono wa breki unapoachiwa, kwa kuwa mpira uliovutwa hutaka kurudia umbo lake. Sili ikikwaruzwa na mchanga au ikizeeka, huvuja kidogo kidogo, pengine kwa kiasi ambacho mkono wa breki haubadiliki hata kidogo na mwendeshaji hana habari. Breki ya nyuma ya baiskeli yangu iliwahi kuwa hivyo. Pedi zilibadilishwa, diski ikasafishwa, mnyororo ukawekewa oili ya matone tu, na bado kelele ikarudi. Kilichofichua siri kilikuwa mgongo wa pedi: bamba la nyuma la pedi ya ndani, lile linaloguswa na pistoni, lilikuwa na unyevu wenye mng'aro, ilhali mwenzake wa upande wa pili alikuwa mkavu. Mafuta yanayotoka nje hulowesha diski pande zote, na mara nyingi huacha alama kwenye spoku na habu pia. Yanayotoka kwenye sili huanzia nyuma ya pedi na huipendelea pedi moja. Tangu siku hiyo naugeuza mgongo wa pedi kwanza kabla sijautazama uso wake.

Rangi nayo husaidia. Mafuta ya madini yanayotumiwa na mtengenezaji wa breki Shimano yametiwa rangi nyekundu, na yale ya mwenzake Magura ni ya buluu, kwa hiyo doa kwenye karatasi nyeupe linaweza kuonyesha kama ni mafuta ya breki au ni oili ya mnyororo, ingawa mafuta yaliyotumika muda mrefu huwa yamefifia au kuwa meusi. Breki nyingine hutumia mafuta ya DOT, ambayo hayana rangi au yana umanjano hafifu, huyeyuka katika maji na hula rangi ya fremu yakiachwa juu yake. Mafuta hayo ya aina mbili yasichanganywe kamwe wala moja lisitiwe mahali pa jingine, kwa kuwa mpira wa sili uliotengenezwa kwa ajili ya aina moja huvimba au kuharibika ukikutana na nyingine, na uvujaji tunaoutafuta hapa unaweza kuwa umeanzia kwenye kosa hilo la mtu aliyeihudumia breki zamani.

Kupima uvujaji hakuhitaji kifaa cha pekee. Gurudumu na pedi hutolewa, pistoni na ndani ya kalipa husafishwa kwa alkoholi ya isopropili mpaka karatasi nyeupe itoke kavu na safi, kisha kati ya pistoni huwekwa kipande cha plastiki au mti mkavu chenye unene wa kutosha kuzizuia zisitoke, kikiwa kimezungushiwa karatasi laini nyeupe. Mkono wa breki huvutwa na kufungwa kwa mpira kwenye usukani, ukaachwa hivyo usiku kucha. Asubuhi karatasi husema. Ikiwa na doa la mafuta mkabala na pistoni, hakuna haja ya kuendelea na pedi. Kalipa inahitaji sili mpya kama mtengenezaji wake anaziuza, na kama haziuzi, inahitaji kubadilishwa nzima. Najua hilo ni jambo gumu kulipokea, lakini breki inayovuja haitapona kwa kusuguliwa, na haifai kuaminiwa mlimani.

Tuseme chanzo kimepatikana na kimezibwa. Sasa kazi ya kusafisha ina maana, na inaanza na diski, si pedi, kwa kuwa diski chafu huichafua pedi mpya katika mbano wa kwanza. Diski isiguswe ikiwa bado ina joto kutoka safarini, na kamwe vidole visipelekwe karibu nayo gurudumu likizunguka, maana matundu yake hukata. Nailoweka karatasi safi kwa alkoholi ya isopropili, ya asilimia 90 au zaidi ikipatikana, na kuifuta njia ya pedi pande zote mbili, nikibadilisha karatasi kila mara ili nisisambaze kile ninachokiondoa. Weusi mkavu wa mwanzo si tatizo. Ni tabaka la pedi ya zamani. Ninachotafuta ni utelezi na madoa ya kahawia yanayojipaka. Matundu na kingo hupitishiwa brashi iliyochovywa kwenye alkoholi hiyo hiyo, kwa kuwa mafuta hupenda kujificha humo na kutoka baadaye kwa mzunguko wa gurudumu. Baada ya hapo napitisha msasa laini kwa wepesi, kwa mwendo wa mviringo, mpaka mng'aro wa zamani uondoke pote sawasawa, kisha nafuta tena.

Wapo wanaopendekeza kuiunguza diski kwa mwali wa gesi. Siungi mkono. Baadhi ya diski zina kiini cha alumini kati ya mabamba mawili ya chuma, na alumini huyeyuka kwa takriban nyuzi 660, kiwango ambacho mwali wa gesi hukifikia bila taabu. Na hata diski ya chuma kitupu hupinda ikipashwa joto upande mmoja zaidi ya mwingine. Alkoholi, karatasi na subira vinatosha.

Kuhusu pedi, cha kwanza ni kuzitazama kama bado zina haki ya kuokolewa. Shimano hutaka pedi zake zibadilishwe sehemu ya msuguano inapobaki milimita 0.5, SRAM, mtengenezaji mwingine wa breki, huhesabu unene wote pamoja na bamba, na kikomo chake ni milimita 3. Pedi iliyokaribia kikomo hicho itupwe bila majadiliano. Ikiwa ni nene bado, uso wake husema mengi. Uso unaong'aa, mkavu, mgumu, wenye rangi moja, ni uso ulioungua: pedi haikuwa na mafuta, ilipata joto jingi, pengine kwa sababu mwendeshaji aliiburuza breki mteremko mzima badala ya kuibana kwa nguvu na kuiachia. Hiyo hupona kabisa kwa msasa. Uso wenye mabaka meusi yanayoonekana kama yamelowa, hata baada ya kufutwa, ni wa pedi iliyokunywa mafuta, na hapo matumaini hupungua.

Msasa ulazwe juu ya kioo au kitu kingine kilichonyooka, pedi ibanwe kwa vidole karibu na katikati na kusuguliwa kwa mwendo wa umbo la namba nane, kwa mkono mwepesi, mpaka uso wote uwe na rangi moja isiyo na mng'aro. Kila baada ya muda pedi ihamishiwe kwenye sehemu mpya ya msasa, kwa sababu msasa ulioshika mafuta huyarudisha. Napendelea kuulowesha msasa kwa maji yenye sabuni kidogo ili vumbi lisiruke. Vumbi la pedi si kitu cha kuvuta puani, na kulipuliza kwa hewa ya kompresa ni tabia ninayotamani iachwe kila mahali. Baada ya msasa, maji ya moto na sabuni ya vyombo, brashi, suuza, kisha alkoholi, kisha pedi ikauke kabisa mahali penye joto la kawaida. Utaratibu huu huokoa pedi iliyopata ukungu mdogo wa oili na kusafishwa mapema. Kwa pedi ya resini iliyoloweshwa na mafuta ya breki kwa muda mrefu, sijauona ukifaulu kwa namna ya kuaminika.

Ndipo linapokuja suala la kuzichoma pedi, kwa mwali, kwenye jiko, au kwa kuzimwagia spiriti na kuiwasha. Najua lina watetezi wengi. Kwa pedi za metali hoja yao ina mantiki fulani, kwa kuwa zenyewe zilizaliwa kwenye joto kali, na mafuta yaliyo ndani huweza kutoka moshi. Lakini pedi za resini zinashikiliwa na gundi inayooza kwa joto, na pedi iliyochomwa inaweza kuonekana nzima huku ndani imekuwa dhaifu, ikavunjika au kubanduka kwenye bamba lake siku breki inapobanwa kwa nguvu zote. Moshi wake nao si wa kuingia jikoni wala kwenye oveni ya chakula. Na kuna hatari kubwa zaidi isiyojulikana na wengi: baadhi ya dawa za kusafishia breki za magari zina viyeyushi vyenye klorini, kama tetrakloroethilini, na viyeyushi hivyo vikikutana na mwali au chuma chenye joto kali hutoa fosjini, gesi ya sumu iliyotumiwa kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Pedi iliyonyunyiziwa dawa ya namna hiyo isipelekwe karibu na moto kwa hali yoyote. Mimi huishia kwenye msasa, sabuni na alkoholi. Visipofaulu, pedi inakwenda jalalani, nami naweka mpya kwa moyo mweupe, kwa kuwa kifaa kinachonisimamisha kwenye mteremko si mahali pa kubania.

Kabla pedi mpya hazijaingia, kalipa hupewa muda wake. Pistoni husukumwa nje kidogo tu, husafishwa pembezoni kwa kijiti cha pamba, hupakwa tone la mafuta ya breki ya aina ile ile inayotumika humo ili sili ilainike, kisha hufutwa mpaka zikauke na kurudishwa ndani kwa kipande cha plastiki kipana. Pistoni moja ikikawia, pedi moja hufanya kazi ya mbili, diski husukumwa upande mmoja, na kelele huweza kurudi pasipo tone la mafuta popote. Kuilaza kalipa katikati ni kazi inayojulikana: boliti zake mbili hulegezwa, mkono wa breki hubanwa, na boliti hukazwa zamu kwa zamu huku mkono ukiwa bado umebanwa. Shimano hutaja nguvu ya kati ya nyutoni-mita 6 na 8 kwa boliti hizo. Karatasi nyeupe ikiwekwa nyuma ya kalipa, mwanga unapaswa kuonekana pande zote mbili za diski. Ikiwa pedi za zamani ziliisha kwa mshazari, nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine, basi mahali kalipa inapokaa si panyoofu, aghalabu kwa sababu ya rangi nene iliyoganda pale. Hilo hurekebishwa na fundi mwenye kifaa cha kupasawazisha, si kwa tupa ya mkono.

Watu huniuliza kama wapake grisi ya shaba nyuma ya pedi, kama inavyofanyika kwenye magari. Kalipa ya baiskeli ni ndogo, na umbali kati ya mgongo wa pedi na uso wake ni wa milimita chache. Kuweka grisi hapo kwa makusudi, baada ya juhudi zote hizi za kuondoa mafuta, ni jambo nisiloweza kulishauri.

Kuchagua aina ya pedi kunastahili maneno machache. Pedi za resini hulia kidogo na hushika mapema zikiwa baridi, lakini huisha haraka kwenye tope na hulegea zikipata joto jingi. Za metali hustahimili joto na mchanga, hudumu, ila hupiga kelele zaidi zikilowa na hupeleka joto zaidi kwenye mafuta. Kabla ya kuhamia za metali, soma maandishi kwenye diski: baadhi ya diski zimeandikwa kwamba ni za pedi za resini tu, kwa kuwa chuma chake ni laini na kitaliwa upesi. Na anayebadilisha kutoka aina moja hadi nyingine aiondoe kwanza tabaka la zamani kwenye diski kwa msasa, kwani pedi mpya hazitaelewana nalo.

Tabaka hilo ndilo hatua ya mwisho. Breki ya diski haishiki kwa chuma na pedi pekee. Hushika vizuri pale utando mwembamba wa pedi unapokuwa umehamia kwenye diski na kuenea sawasawa. Pedi mpya kwenye diski safi hazina utando huo, ndiyo maana hushika hafifu na kunung'unika mwanzoni. SRAM huelekeza kuongeza kasi hadi ya wastani, kubana breki kwa uthabiti mpaka mwendo wa mtu anayetembea, na kurudia mara 20, kisha mara 10 zaidi kutoka kasi kubwa kidogo, bila kufunga gurudumu na bila kusimama kabisa. Kutosimama ni muhimu, kwa sababu pedi yenye joto ikisimama mahali pamoja huacha baka nene kwenye diski, na baka hilo baadaye hutikisa breki kwa kila mzunguko. Kila breki ifanyiwe peke yake, mahali palipo wazi na pasipo na watu, na nguvu itaongezeka mkononi waziwazi kadiri mibano inavyoendelea.

Baada ya mteremko mrefu wa kwanza, acha diski ipoe, utoe pedi na uzitazame. Uso unapaswa kuwa wa kijivu, mkavu, wenye mikwaruzo myembamba inayofuata mzunguko wa diski, na mgongo uwe mkavu pia. Ukikuta weusi wenye unyevu kwenye uso pekee, rudi kwenye mnyororo, foku na dawa za kuoshea. Ukiukuta kwenye mgongo, rudia kipimo cha karatasi cha usiku kucha, na safari hii kipe siku mbili.